Bega la Kijeba

Kama unataka kubisha, bisha sasa hivi, kabla sijafungua mdomo. Nikishaanza sitaki kusikia "muongo huyo." Wewe kaka uliyekunja sura hapo, na wewe dada unayecheka pembeni, njia ya kwenda kulala mnaijua. Anayebaki akubali jambo moja tu: palikuwa na mtu aliyenyolewa ndevu kila Jumamosi asubuhi ili mchana akacheze mpira na watoto wa darasa la tano. Mmekubali? Hamjakubali. Haya, mtakubali mbele ya safari.

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini, maana shule niliiacha kabla hatujafika kwenye tarehe, palikuwa na mji mdogo uitwao Igembelo. Ulikuwa huko nyanda za juu kwenye migomba na chai, ambako mvua ikitaka kunyesha haimwombi mtu ruhusa. Igembelo kulikuwa na uwanja mmoja. Siku nyingine zote uwanja ule ulikuwa gulio: ndizi, kabichi, mitumba, kuku waliofungwa miguu. Jumamosi ukawa wa watoto. Ilikuwa ligi ya chini ya miaka kumi na nne, na mji mzima ulihamia pale, hata wale wasiojua kona ni nini.

Sasa, kwa kuwa uwanja ni gulio, magoli hayakuweza kuchimbiwa ardhini. Wenye mabanda walikataa: lori la kabichi lipite wapi? Wazazi wakajaribu nguzo za mianzi za kuchomeka na kuchomoa. Zikaondoka usiku mmoja, zikaonekana zimekuwa uzio wa nguruwe wa bwana mmoja, na kila aliyepita njia ile alizitambua akanyamaza. Basi wakamwendea fundi, akachomelea magoli mawili ya bomba la chuma, mafupi ya kimo cha watoto, yenye miguu ya nyuma ya kusimamia yenyewe. Jumamosi wanaume wanayabeba hadi mahali pake. Mchezo ukiisha wanayarudisha ukutani kwa ofisi ya soko. Yalikuwa mazito, watu wakayapigapiga kwa kiganja na kusema, "Kitu kizito namna hii kitaangukaje?"

Mtu wetu anaitwa Ambakisye. Alikuwa na miaka kumi na tisa na kimo cha mtoto wa miaka kumi na mitatu. Kazi yake ilikuwa kubeba mikungu ya ndizi pale guliani, kutoka kwenye lori hadi bandani, mkungu mmoja kila bega. Ukimwona kwa mbele ni mtoto. Ukimwona kwa nyuma, akiwa amebeba, ni fahali. Watu wa mpira mtu kama huyo wanamwita kijeba: mtu mzima anayejifanya mtoto ili acheze na watoto. Ni tusi, na yeye alilijua. Lakini yeye alipokuwa na miaka kumi na mitatu ya kweli, Igembelo haikuwa na ligi. Ilikuwa na mikungu ya ndizi tu. Ligi ilipoanzishwa alisimama pembeni Jumamosi moja akatazama. Jumamosi iliyofuata alikuwa amevaa jezi ya Migombani, na aliyemwandikisha alimtazama kimo, hakumtazama kidevu.

Kidevu alikitazama mtu mmoja: Asajile, kinyozi. Na Asajile huyo huyo ndiye aliyekuwa refa wa ligi. Hapo ndipo mnapoanza kubisha, najua. Bisheni.

"Leo zimeota kama za babu yako," Asajile alikuwa akimwambia, wembe mkononi.

"Nyoa, kaka Asajile, acha maneno."

"Nikikuachia mbili tu hapa kidevuni, Migombani mnarudi nyumbani na jezi zenu kichwani."

"Na nikiulizwa nani aliyekuwa akininyoa zile nyingine?"

Asajile akanyoa. Mchana anapuliza filimbi, Ambakisye anafunga, watoto wanambeba juu. Ikawa hivyo Jumamosi hii. Ikawa hivyo Jumamosi ile.

Wiki chache kabla ya fainali, Migombani walicheza na Mlimani mchezo wa kawaida. Kipa wa Mlimani alikuwa Lwitiko, mtoto wa miaka kumi na miwili, mwembamba kama ufito, mdomo mrefu. Alikuwa akimwita Ambakisye "babu" mbele ya watu bila kujua kwamba amepatia. Siku ile mpira uliruka kati yao, wote wawili wakaruka, wakashuka pamoja. Ambakisye alishuka na uzito wote wa mikungu, akatua juu ya kifundo cha mguu wa Lwitiko. Mtoto alipiga kelele hadi kuku wa guliani wakajibu. Asajile hakutoa kadi. Alisema, "Simama, mwanangu, mpira ni wa wanaume." Ambakisye alimpelekea mkungu mzima wa ndizi mbivu nyumbani. Mama yake Lwitiko, Tusekile, fundi wa kushona, aliupokea akasema asante. Aliona kijana mwenye adabu.

Fainali ikafika, Migombani na Mlimani tena. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Lwitiko bado alikuwa akichechemea. Mama yake akasema hachezi.

"Kipa hakimbii, mama," akasema Lwitiko. "Kipa anasimama tu."

Mama akamtazama, akamfunga kitambaa kwenye kifundo, akamwacha aende.

Asajile alifika amechelewa, kwa sababu Ambakisye naye alikwenda kunyolewa amechelewa. Kazi ya refa kabla ya mchezo ni kuyashika magoli na kuyatikisa. Siku ile watu walikuwa wanapiga miluzi wamechoka kungoja. Akayatazama kwa mbali, akatazama mawingu, akapuliza. Mchezo ukaanza.

Nyuma ya goli la Lwitiko alikaa Mama Tumpe. Kila mwenye njaa anamjua: ndiye muuza vitumbua, na kila siku ya mechi jiko lake huwa hapo hapo, maana moshi huelekea golini na si kwa wateja. Mama Tumpe si mwembamba, na yeye ndiye wa kwanza kukuambia hivyo.

Karibu na mwisho, hakuna aliyefunga. Migombani wakapata kona. Watoto wa timu zote wakajazana mbele ya goli, wanasukumana, wanavutana jezi. Wavu ukachomoka kwenye kulabu yake. Lwitiko akafanya wanachofanya makipa wote duniani: akarukia mtambaa wa panya, ule mwamba wa juu wa goli, akaning'inia kwa mkono mmoja ili aurudishe kwa mkono wa pili.

Miguu ya nyuma ya goli ikang'oka kwenye matope.

Mama Tumpe akaona. "Goli linalala! Jamani, goli linalala!" Akatupa mwiko, akaruka jiko lake mwenyewe, akalidaka bomba la nyuma, lile linalounganisha miguu, kwa mikono miwili akaliketia. Goli likasita. Likabaki hewani kidogo, kama mtu anayefikiria. Halafu bomba lililoloa likaanza kuteleza, na Mama Tumpe anaburutwa nalo kwenye matope, bado anapiga kelele.

Kona ilikuwa imeshapigwa. Mpira uko juu. Asajile alikuwa mbali, hakuona goli, alisikia sauti tu. Sasa sikilizeni: kule nyanda za juu radi zinaua, kwa hiyo ligi ya Igembelo ilikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto mkaidi aliitii. Filimbi ndefu isiyokatika maana yake radi: acha mpira, kimbilia kwenye mabanda, usigeuke. Asajile akapuliza filimbi ya radi, na radi haikuwepo. Watoto wakatawanyika kama kuku walioona mwewe. Mpira ukampita kila mtu, ukamgonga mtu asiyejulikana mgongoni, ukaingia wavuni. Mashabiki wa Migombani wakaanza kushangilia, wakagundua filimbi imetangulia, wakaanza kutukana.

Mbele ya goli akabaki mmoja. Lwitiko alikuwa ameachia mwamba, akaanguka, akajaribu kukimbia, kifundo kikakataa. Alikuwa amekaa kwenye matope anautazama mwamba unavyokuja.

Ambakisye naye alikuwa amekimbia na wenzake. Akageuka. Alifika, akainama, akaingiza bega chini ya mwamba kama anavyoingiza chini ya mkungu, na mwamba ukatua. Waliokuwa karibu wanasema ulisikika mlio, na si wa chuma. Magoti yake yakazama. Hakulala. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Toka, dogo." Dogo akatoka kwa makalio.

Ndipo wanaume wakakumbuka kwamba wana miguu. Wakaja, wakalinyanyua goli, wakamlaza Ambakisye kwenye turubai la mitumba. Muuguzi wa zahanati, aliyekuja kutazama mpira, akachana jezi kwa mkasi aone bega. Watu wakasogea wamwone shujaa. Jezi ikafunguka. Kifua kile kilikuwa na nywele, si za kuhesabu, za kuchana.

Halafu bibi mmoja akauliza taratibu, "Huyu mtoto ana watoto wangapi?"

Mtu akacheka. Mwingine akasema, "Kijeba." Mwingine akasema, "Kijeba!" Ambakisye alikuwa amelala, bega limepasuka, anayasikia yote. Anasema hayo ndiyo yaliyouma.

Jumapili wazazi wakakutana kwenye mabanda ya gulio. Mama Lwitiko ndiye aliyesimama mbele, filimbi ya ligi mkononi. Alikuwa mtulivu, na wanaoshona nguo kwake walijua akiwa mtulivu usibishane.

"Sikilizeni," akasema. "Filimbi hii kuanzia leo haipulizwi na refa peke yake. Anapewa mlezi mmoja. Mlezi ndiye anayesema nani anacheza, nani hachezi, na mchezo unasimama lini. Akisema simama, hakuna wa kumwuliza radi iko wapi. Nikimkosa mtu huyo leo, mwanangu nitamfungia ndani, na ninyi wenzangu mtafanya hivyo hivyo, na uwanja huu Jumamosi utakuwa wa kabichi. Nani alimwokoa mwanangu? Huyo ndiye nitampa."

Mama Tumpe akasimama wa kwanza, bado ana matope kwenye kitenge, sijui kwa kukosa kingine au kwa makusudi.

"Mimi ndiye niliyeona," akasema. "Ninyi mlikuwa mnatazama mpira. Kila Jumamosi mnatazama mpira. Mimi nawatazama watoto, maana ndio wateja wangu. Bila mimi kupiga kelele, huyu kinyozi angepuliza nini? Bila mimi kuketi kwenye lile bomba, goli lingeshuka kabla mtu hajageuka. Vitumbua vyangu viliungua vyote. Nimeomba nini? Sijaomba kitu. Bila mimi, mngekuwa msibani."

"Kweli!" wakasema wanawake.

Asajile akasimama. Alikuwa na alama usoni, maana mashabiki wa Migombani walimfikia kabla ya akili kuwafikia wao.

"Mama Tumpe alimwona mtoto mmoja," akasema. "Chini ya mwamba walikuwepo wangapi? Timu mbili nzima. Nani aliyewatoa? Nilipuliza filimbi ya radi kwenye anga lisilo na radi, katika fainali, mpira unaingia wavuni. Nilijua watanipiga, na wamenipiga, nitazameni. Bila mimi, mama Lwitiko, wewe usingelia peke yako. Mngelia nyumba kwa nyumba. Na mlezi ni nani, kama si yule anayeweza kuusimamisha mchezo wakati watu wote wanataka uendelee?"

"Kweli!" wakasema wanaume, hata waliompiga.

"Na ndevu je?" Mama Tumpe akamuuliza. "Hizo nazo ulizisimamisha?"

Kicheko kikapita bandani. Asajile akapangusa mdomo. "Nilikosa," akasema. "Nilidhani ni kijana mdogo wa umbo, ana hamu tu ya kucheza. Sikudhani ana uzito."

"Mwanangu alikuambia ana uzito," akasema mama Lwitiko. "Alikuambia kwa kilio. Ukamwambia mpira ni wa wanaume."

Asajile akakaa.

Ambakisye hakuitwa. Alikuwa nje ya banda, mkono umefungwa shingoni kwa kanga. Alikuwa amejisemea atasikiliza halafu aondoke, na kesho atamtafuta mtu wa kumbebea mikungu hadi bega lipone. Lakini alikuwa ameshajua tangu asubuhi kwamba leo ni moja kati ya mawili. Akipewa filimbi, atakuwa uwanjani kila Jumamosi hadi azeeke, na hakuna atakayemwita kijeba. Asipopewa, hataruhusiwa kukanyaga pale hata kama mtazamaji. Hakuwa na kitu kingine chochote alichokipenda. Akaingia.

"Shikamoo mama," akamwambia mama Lwitiko.

Mama akautazama ule mkono uliofungwa. Halafu akaitikia, "Marahaba."

"Mimi sina hotuba," akasema Ambakisye. "Wote waliona. Mama Tumpe aliona. Kaka Asajile aliona, baadaye. Kuona ni kuona. Chuma hakikuanguka kwenye macho ya mtu, kilianguka hapa." Akaonyesha bega. "Mtoto wa miaka kumi na mitatu angeingia pale chini angekufa yeye na Lwitiko. Mimi niliweza kwa sababu si mtoto. Mnanifukuza kwa kitu kile kile kilichomwokoa."

"Na kifundo chake?" akauliza baba mmoja wa Mlimani. "Watoto wote walikimbia. Kwa nini Lwitiko hakukimbia? Nani alimvunja mguu?"

"Mimi," akasema Ambakisye.

"Basi ulimwokoa na nini? Ulimwokoa na wewe mwenyewe."

"Ndiyo. Na ndiyo maana mimi ninajua. Kijeba yeyote akija hapa na kidevu kinachong'aa, mtajua ninyi? Nitajua mimi. Nitamnusa kuanzia kona ya soko."

Watu wakacheka tena, wengine wakatingisha kichwa. Mama Tumpe akasema, "Mwizi awe mlinzi!" Asajile akasema, "Na huyo mlezi mwenyewe atanuswa na nani?" Wengine wakawaunga mkono hawa, wengine wale. Mama Lwitiko akamwita mwanawe aliyekuwa amekaa juu ya gunia la viazi.

"Wewe ndiye ungekufa. Sema."

Lwitiko akatazama filimbi, akawatazama wale watatu. "Mimi ninachotaka ni kurudi golini," akasema. "Akipewa nani nitarudi golini?"

Haya. Nauliza ninyi. Mmoja aliona, mmoja alisimamisha, mmoja alibeba. Mnasema nani? Naam, nasikia "Mama Tumpe" huku nyuma. Na wewe kaka uliyekunja sura unasema Ambakisye, nilijua, una bega kama lake. Hakuna wa Asajile? Yupo mmoja, asante, wewe bila shaka ni kinyozi.

Ngojeni. Kaeni. Msianze kuagana.

Kuna kipande nimekiruka. Nimekiruka makusudi, maana ningekisema pale mwanzo mngekuwa mmeshahukumu, mngekwenda kulala mapema. Kipande chenyewe ni hiki.

Fundi aliyechomelea magoli yale hakuwa mjinga. Aliwaambia, bomba la nyuma liwekewe mawe makubwa, la sivyo siku moja litawalalia. Na mawe yaliwekwa, mawe ya mtoni, mazito, kila Jumamosi. Asubuhi ya fainali matope yalikuwa yanafika kwenye kifundo, na kuni za Mama Tumpe zilikuwa zinazama kila akiziwasha. Akamwona Ambakisye anapita, anakwenda kunyolewa.

"Mwanangu mwenye nguvu," akamwambia, "niletee yale mawe matatu ya goli hili nipate mafiga. Mchezo ukikaribia utayarudisha."

Ambakisye akayabeba begani, moja baada ya jingine, akampangia. Ndiyo maana alichelewa kwa kinyozi. Mchezo ulipokaribia, sufuria ilikuwa motoni, vitumbua vinachuruzika mafuta, mawe yamekuwa mekundu. Nani angeyashika? Yeye alisema moyoni, Mama Tumpe atasema neno. Mama Tumpe alisema moyoni, kijana atakumbuka. Asajile angepita kutikisa, angeona mahali pa mawe ni patupu. Hakupita.

Kule bandani, Mama Tumpe alipokuwa akisema "bila mimi," alimtazama Ambakisye mara moja. Na Ambakisye alipokuwa akionyesha bega, alimtazama Mama Tumpe mara moja. Kila mmoja angeweza kumzamisha mwenzake kwa neno moja, na kuzama naye. Hakuna aliyelisema. Wakakaa wanaitazama filimbi.

Nimemaliza, sasa sina nilichobakiza. Mama Lwitiko bado amesimama pale, ameunyoosha mkono wenye filimbi, na hajui ninyi mnachokijua. Jumamosi inakuja, na mtoto anangoja kujibiwa. Je, ningewapa ninyi mkono ule wa mama, filimbi mngemwekea nani?